Sentimita Sitini za Fundi Milimita

Watu walimwita Fundi Milimita, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa fundi wa vigae, mwembamba, penseli sikioni na futi ya chuma ya kuvuta kiunoni, na sifa yake ilikuwa moja tu: kazi yake haikupinda. Aliweza kuingia bafuni kwa mwenyeji wake kunawa mikono, akatoka akitikisa kichwa kwa masikitiko, kisa kigae cha tatu kutoka mlangoni kimeinuka unene wa unywele. Wenye nyumba walimheshimu, mafundi wenzake walimkwepa, na mkewe, aliyekuwa mwoka mikate, alisema mume wake ukimtengea chakula ataisogeza sahani katikati ya meza kwanza ndipo amwombe Mungu aibariki.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na minane, mwogeleaji wa mtindo wa chali, yaani wale wanaokwenda tumbo likitazama juu na ukuta ukiwajia kwa nyuma. Bwawani walimwita Shingo. Shingo yenyewe haikuwa na ajabu yoyote, ilikuwa ya kawaida, ya kurithi. Jina lilikuja kwa sababu kila alipokaribia ukuta aliigeuza kutazama nyuma, kama mtu aliyesikia akiitwa sokoni. Na chali ukigeuza shingo umekwisha: kiuno kinazama, miguu inapooza, mwendo unakatika, na aliyekuwa nyuma yako anakupita bila hata kukuaga.

Hakuzaliwa na ugonjwa huo. Miaka miwili nyuma bwawa la klabu yao lilifanyiwa ukarabati upande mmoja, ule wa mlangoni, na aliyepewa kazi ya vigae, mfereji wa pembeni na nguzo za vibendera alikuwa baba yake mwenyewe. Vibendera hivyo huning'inia kwenye kamba juu ya maji, mita tano kabla ya ukuta, kila upande wa bwawa. Anayeogelea chali haoni ukuta ila anaviona hivyo. Akivipita huanza kuhesabu mikono yake mpaka aguse. Binti alikuwa mtu wa mikono mitano. Siku bwawa lilipofunguliwa upya, vigae vinang'aa, baba kasimama ukingoni na shati la pasi akipokea pongezi, binti alikuja mbio upande wa mlangoni, akavipita vibendera, akahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kabla ya tano akakutana na kazi ya baba yake kwa utosi.

Alishonwa nyuzi tatu. Fundi alimshika mkono pale zahanati wakati muuguzi anashona, na kwa kuwa alikuwa ameogopa kuliko alivyotaka kuonekana, akatoa ukali badala ya pole. "Hesabu haidanganyi, mama," alimwambia. "Umekosea kuhesabu."

"Ndiyo, baba," binti alijibu, machozi yakimtiririka hadi masikioni. Akaamini.

Kocha wa wakati ule naye hakutaka mtu mwingine apasuke kichwa, akapiga marufuku kuhesabu. Klabu nzima, wakubwa kwa wadogo, wakaamriwa kutazama nyuma kila wanapofika ukutani. Wakatii. Walipokwenda kwenye mashindano, watu wa klabu nyingine wakawa wanagongana viwiko: "Haya, wamefika wale wa kutazama kama wanavuka barabara."

Ndipo alipokuja kocha mpya. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, saa ya kubonyeza shingoni na daftari lililolowa pembe zote nne. Wiki ya kwanza hakufundisha kitu, aliandika tu. Wiki ya pili aliwakalisha wote ukingoni, miguu majini.

"Katikati ya bwawa nyote mnajua kuogelea," alisema. "Hapo sina la kuwafundisha. Mbio zenu zinaibwa kwenye kuta. Kwa hiyo tutajifunza kuondoka, tutajifunza kugeuka, tutajifunza kumaliza. Mengine mtaendelea nayo kama kawaida."

Fundi alikuwa na desturi ya kupitia bwawani kila jioni akitoka kazini, akakaa kwenye benchi na chupa yake ya chai mpaka binti amalize wakarudi pamoja. Kwa hiyo masomo yote aliyapata bure. Alimwona binti yake akifundishwa kuondoka: ashike chuma cha ukutani, ajikunje, magoti karibu na kidevu, na saa ikilia arushe kichwa nyuma, mgongo upinde, mwili wote uingie majini. "Mikono, kichwa, kiuno, vyote vipite tundu moja la maji," kocha alirudia mpaka sauti yake ndogo ikazidi kuwa ndogo. Mwanzoni binti alianguka bapa kama godoro lililotupwa kutoka ghorofani, maji yakaruka hadi kwenye chai ya baba yake. Baada ya siku kumi alipita kwenye tundu moja, akapiga mateke sita chini ya maji kama samaki aliyekumbuka kitu, akaibuka mbele kabisa ya wenzake.

Alimwona akifundishwa kumaliza. "Usimalize kwa kutumaini," kocha alisema. "Shingo ilegee, mkono utangulie, gonga ukuta kama unaudai." Hilo nalo akaliweza upande wa ndani, upande wa kina kirefu, ambako mbio huanzia na kuishia. Kugeuka pia alikuweza upande wa ndani: anahesabu hadi tatu, maana mikono miwili ya mwisho huachiwa kujigeuza, anajigeuza kifudifudi, anabinuka, nyayo zinapata ukuta, huyo anakwenda. Lakini upande wa mlangoni, wapi! Shingo ilirudi kila mara kama mgonjwa aliyeacha dawa.

Mchujo ulikuwa umebaki wiki tatu. Pale walitafutwa kutoka klabu zote waogeleaji wanne wa kike wa timu ya kupokezana, watakaokwenda kwenye mashindano makubwa ya mwaka, na wa kwanza kati ya wanne hao huogelea chali. Aliyetaka nafasi hiyo alipaswa kumaliza mita mia moja ndani ya dakika moja na sekunde kumi na mbili. Binti alikuwa anatumia dakika moja na sekunde kumi na nne. Tangu akiwa na miaka tisa hakuota kingine ila nafasi hiyo, na mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwa umri wake.

Jioni moja kocha akaja kukaa kwenye benchi karibu na Fundi, daftari mapajani.

"Mzee, nikuulize. Huu ukuta wa mlangoni una nini?"

"Hauna kitu," Fundi alijibu upesi. "Nimeujenga mimi."

"Basi mwanao anaugua pale. Upande wa ndani anageuka vizuri kuliko wote hapa. Upande wa mlangoni anapoteza karibu sekunde nzima kila akifika. Nimeandika mara arobaini. Na kwenye mbio moja anafika pale mara mbili."

Fundi alipiga hesabu, akapata sekunde mbili, akapata zile zile zilizokuwa zinakosekana. "Ni woga, mwalimu. Aliumia pale. Si unajua, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Labda," kocha alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajasema ndiyo. "Halafu vigae vyako vinateleza. Vizuri sana kwa macho, lakini nyayo hazishiki. Huwezi kutuwekea vyenye kukwaruza pande zote mbili?"

Kuteleza! Fundi aliumia moyoni, lakini akakubali kuja Jumatatu, siku ambayo hakuna mazoezi. Kutoka Jumatatu hiyo zilibaki siku tano kabla ya mchujo.

Jumatatu mlinzi alimfungulia, maji yakapunguzwa kiasi cha mita moja, na Fundi akashinda peke yake humo ndani akibandua na kubandika. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Alimaliza upande wa ndani, akamaliza wa mlangoni, akakaa chini ya nguzo ya vibendera kunywa chai. Na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure mbele ya kitu ambacho hakijapimwa, akashusha ncha ya futi kwenye uso wa ukuta, pale waogeleaji wanapogusa, akaivuta hadi kwenye nguzo.

Mita nne na sentimita arobaini.

Akaifuta futi kwa shati, akapima tena. Akaenda nguzo ya pili, akapima. Akaenda upande wa ndani, kwenye nguzo za zamani ambazo yeye hakuzigusa, akapata mita tano. Akarudi mlangoni mbio mbio, utadhani nguzo zingekuwa zimejirekebisha alipokuwa hayupo. Nne na arobaini.

Hapo akakumbuka. Siku aliyosimika nguzo, ukuta wa ndani ya maji ulikuwa bado mbichi, haujavikwa vigae, na yeye alipima kama anavyopima fundi wa vigae popote: kutoka kwenye ukingo uliokamilika. Fundi wa vigae hapimi kutoka kwenye kitu kibichi, ni mwiko. Na ukingo uliokuwa umekamilika siku ile ulikuwa wa nje, nyuma ya mfereji. Mfereji na vifuniko vyake una upana wa sentimita sitini.

Sentimita sitini! Mtu aliyetikisia kichwa mabafu ya watu kwa sababu ya unene wa unywele. Nyani haoni kundule. Akakaa juu ya vigae vyake mwenyewe, na kilichomrudia kichwani si nguzo wala mfereji, ni ile sauti yake pale zahanati ikimwambia mtoto anayeshonwa kwamba amekosea kuhesabu. Mtoto alikuwa amehesabu sawasawa. Angekuwa mzembe wa kuhesabu asingeumia.

Mtu mwingine angekwenda kusema siku ile ile. Lakini huyu alikuwa na jina la kulinda, na jina likishakuwa kubwa humfanya mwenyewe mtumwa. Alichofanya ni kuchukua nyundo na patasi. Kufikia alasiri nguzo zote mbili zilikuwa zimehama sentimita sitini, mashimo ya zamani yamezibwa, vigae vimekatwa na kurudishwa hata usione alama. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na ya kwanza aliyoionea haya. Nimesharekebisha, alijiambia akifunga mfuko wa zana. Mtoto atapona bila kujua alikuwa anaumwa nini.

Mtoto hakupona. Jumatano kocha aliwaambia, "Leo hakuna shingo. Atakayetazama nyuma anatoka majini. Hesabu tu." Binti akaondoka vizuri, akaja upande wa mlangoni, akavipita vibendera, akahesabu, akajigeuza, akabinuka, akarusha miguu kuusukuma ukuta. Haukuwepo. Nyayo zilisukuma maji matupu, naye akaibuka mbali na ukuta, amejikunja pale pale kama mtu aliyevutiwa kiti.

"Kwenye mchujo hapo umeshatolewa," kocha alisema. "Rudia."

Akarudia, yakawa yale yale. Mara ya tatu pia. Mara ya nne aliishika kamba ya njia yake, akavua miwani, akalia mbele ya klabu nzima.

"Kocha, mimi sijui kuhesabu! Upande wa ndani ni tano. Upande wa mlangoni kwangu ni nne, miaka miwili ni nne, sijui kwa nini. Nikienda bwawa la watu, nne inakataa. Sasa leo hata hapa si nne tena! Ni kichwa changu. Baba alishaniambia zamani."

"Ukuta hausogei, dada'ngu," kocha alimwambia kwa upole.

Fundi, kwenye benchi, alikuwa anachunguza kamba za viatu vyake. Mazoezi yalipokwisha kocha alimfuata, hakukaa. "Mzee, nitakuwa mkweli. Kila klabu inaingiza mmoja kwa mtindo, na jina linatakiwa Ijumaa jioni. Ninaye msichana mwingine. Si mwepesi kama wa kwako, lakini ukuta anaupata. Nisamehe."

Njiani binti alitangulia hatua mbili mbele. Fundi alifungua mdomo mara tatu, na mara zote tatu akaishia kuuliza kama amebeba taulo.

Nyumbani mkewe alikuwa mezani, unga bado umemganda kwenye nyusi. Binti alipoingia kuoga, Fundi alimwambia mkewe yote, kwa sauti ya chini, tangu mfereji mpaka patasi. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, labda kwa sababu kazini alianza kufokeana na tanuri tangu alfajiri.

"Ukimjengea mtu jiko likapinda, unafanyaje?"

"Nabomoa naanza upya. Unanijua."

"Hupaki rangi juu?"

"Rangi! Nipake rangi kwenye kitu kilichopinda?"

"Basi bomoa," mkewe alisema, akasimama kwenda kupakua. "Mficha uchi hazai, mume wangu. Na mtoto mwenyewe ni huyu mmoja."

Alhamisi Fundi hakwenda kwenye benchi. Alifika bwawani na suruali ya kazi, akamwomba kocha dakika tano, akapiga magoti ukingoni upande wa mlangoni. Watoto wa klabu wakaacha kurushiana maji. "Baba Shingo anatafuta nini?" mmoja aliuliza, akanyamazishwa.

"Mama, njoo," alimwita binti yake. "Shika ncha hii, uibane ukutani. Hapo hapo unapogusa."

Binti akashika. Fundi aliivuta futi hadi kwenye nguzo, ncha ikashika kigae kwa ndoano yake, binti akaogelea kumfuata. "Soma."

"Tano."

Akasogeza kidole nyuma, kuelekea ukutani, akakiweka juu ya kigae kimoja ambacho mtu mwingine asingekitofautisha na jirani zake. "Hapa chini kuna shimo nililoziba Jumatatu. Nguzo ilikuwa humo tangu bwawa lifunguliwe. Soma."

Binti alisogea na ukingo wa maji, akainua macho, akasoma polepole. "Nne na arobaini."

Mfereji ulikuwa unameza maji, kulp, kulp.

"Kwa hiyo siku ile..." binti alianza.

"Siku ile ulihesabu sawa. Mimi ndiye niliyekosea kupima. Nilipima kutoka nyuma ya mfereji." Kubomoa ni kubomoa, ukuta hauachwi nusu. "Halafu zahanati nikakulaumu wewe. Halafu Jumatatu nikagundua, nikahamisha kimya kimya ili asijue mtu."

"Na jana nilipokuwa nalia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mama."

Binti alimtazama kwa muda ambao Fundi hakuweza kuupima kwa kifaa chochote alichokuwa nacho. Kisha akaitikisa futi, ncha ikaachia ukuta, ikarudi kwa kishindo ndani ya kibweta chake, na yeye akazama. Alikaa chini. Fundi akahesabu moyoni, akafika kumi na tano, akafika ishirini, akaanza kufungua viatu ingawa hajui kuogelea hata kwa dawa.

Akaibuka. Macho yalikuwa mekundu, na Fundi hakujua kinachokuja ni kilio au matusi. Kilikuja kicheko. Kilianza kidogo, kikamshika mbavu, akaegemea ukuta ule ule uliompasua akacheka mpaka akapaliwa.

"Mimi si mjinga," alisema. "Baba! Mimi si mjinga! Miaka miwili najiona kichwa kibovu, kumbe ni nguzo!" Halafu akamsogelea baba yake, akamwagia maji, viganja viwili vilivyojaa, usoni, kifuani, kwenye penseli ya sikioni. "Hayo ni ya zahanati." Akamwagia tena. "Na hayo ni ya jana. Ya jana ndiyo yaliyoniuma zaidi."

"Niongeze," Fundi alisema, akiwa bado kapiga magoti, maji yanamchuruzika kidevuni. Na hapo akahisi mzigo wa siku nne umemteremka mgongoni wote kwa pamoja, akavuta pumzi iliyofika hadi tumboni. Hakujua kuwa kuloweshwa mbele za watu kunaweza kumpumzisha mtu namna ile.

Kocha alikuwa ameshika kichwa. "Wiki tano niko hapa na saa shingoni," alisema. "Kila kitu nimekipima isipokuwa nguzo." Kisha akapuliza filimbi kwa mara ya kwanza tangu aje. "Haya! Tano pande zote mbili! Wote majini, na shingo ziachwe kwenye benchi!"

Jioni ile binti aligeuka upande wa mlangoni mara thelathini. Saba za kwanza shingo ilitaka kurudi, akaizuia. Ya nane haikutaka tena. Ijumaa alirudia thelathini nyingine, kocha akafunga daftari na kwenda kupeleka jina, na jina lenyewe lilikuwa lake.

Jumamosi asubuhi mchujo ulifanyika kwenye bwawa la klabu nyingine, bwawa la urefu kama la kwao lakini geni, lenye harufu kali ya dawa na vipaza sauti vinavyokwaruza. Mama alikuja na kikapu cha mikate ya moto. Fundi alivaa suruali yake ya sherehe. Binti alisimama ukingoni akivitazama vibendera vya watu asiowajua, na Fundi aliona mkono wake ukipanda taratibu hadi utosini, mahali pa kovu.

"Baba," aliita, basi.

Hakuhitaji kuongeza. Fundi alichomoa futi kiunoni, maana hata na suruali ya sherehe hakuiacha, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Binti aliingia bwawani akabana ncha ukutani. Mwamuzi mmoja, mtu mnene mwenye kofia nyeupe, akaja haraka haraka.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Napima."

"Sisi tumeshapima wenyewe."

"Nami niliwahi kupima mwenyewe," Fundi alisema, bila kuinua kichwa. "Tano kamili, mama. Twende upande wa pili."

Mwamuzi alitaka kusema jambo, akamtazama binti, akamtazama mzee aliyelowa magoti, akaamua kuwafuata tu. Upande wa pili ulikuwa tano na sentimita moja. Fundi alimtazama mwamuzi. Mwamuzi akakohoa, akamwita mtu, kamba ikavutwa kidogo. Tano kamili.

Waliitwa. Waogeleaji wanane wakaingia majini, wakashika vyuma, wakajikunja. Kabla hajashika, binti aliinua kiganja kuelekea jukwaani, vidole vyote vitano wazi. Fundi akainua cha kwake, vitano. Mama naye akainua, ingawa cha kwake kilikuwa na mkate.

Honi ikalia. Mgongo wake ulipinda, mwili wote ukapita tundu moja la maji, mateke sita, akaibuka. Fundi hakuwa anatazama njia nyingine. Vibendera vya kwanza: moja, mbili, tatu, Fundi alihesabu kwa sauti, binti akajigeuza, akabinuka, na nyayo zikaupata ukuta, zikausukuma, huyo anarudi. Shingo ilitulia. Ukuta wa pili, ukapatikana. Ukuta wa tatu, pale mbali, sawa na ule wa mlangoni kwao, mahali ambapo miaka miwili mfululizo sekunde zake zilikuwa zinaliwa: moja, mbili, tatu, akabinuka, akaupata. Mama alikuwa anampiga Fundi begani kwa kila mkono bila kujua. Vikaja vibendera vya mwisho, kasi ile ile, uso umetazama dari, macho hayakuyumba kushoto wala kulia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Pale pa nne Fundi alifumba macho yake mwenyewe.

Tano. Mkono ukagonga ukuta kama unaudai.

Fundi alipofumbua macho hakuweza kuisoma saa ubaoni, tarakimu zote zilikuwa zimelowa. Ilibidi kocha apige kelele, yeye asiyepiga kelele: "Kumi na moja na nukta nane! Dakika moja, kumi na moja na nukta nane! Wa kwanza, nafasi ni yake!" Kocha akamkumbatia mama, mkate ukasagika katikati yao.

Binti alitoka majini akatembea moja kwa moja hadi jukwaani, akiacha nyayo za maji nyuma yake. Alivua kofia ya kuogelea. Kwa miaka miwili nywele zake zilichanwa kulalia kovu. Leo alizifunga zote nyuma, na kovu lilikuwa wazi, mstari mdogo wa nyuzi tatu. Alisimama mbele ya baba yake akihema.

"Baba, nilihesabu."

Fundi aliweka kidole juu ya lile kovu, taratibu, kama anavyogusa kigae ambacho saruji yake haijakauka. "Hesabu haidanganyi, mama," alisema. "Wala hukukosea. Hukukosea hata siku ile."

Binti aliegemea kifua chake akiwa amelowa vile vile, na Fundi Milimita akamshika, shati la pasi likanyonya maji yote.